Mkataba wa wiki 13 California, leseni ya Ohio: uchambuzi wa kisa cha mtaalamu wa tiba kwa vitendo anayesafiri

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo (occupational therapy, OT, yaani tiba ya kumsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku) mwenye makazi na leseni yake Ohio anapata mkataba wa wiki 13 katika kituo cha uuguzi na utengamao huko California. Ni mwanzoni mwa Februari, na kituo kinamtaka aanze Jumatatu ya mwisho ya Machi. Amezaliwa Tanzania, shahada ya uzamili ameisomea Marekani, ana uzoefu wa kutosha na hajawahi kufunguliwa shauri na bodi yoyote. Miaka ya nyuma alifanya kazi Texas kwa leseni ambayo baadaye aliiacha ikaisha. Afisa wa wakala anayemtafutia mikataba anamwambia wiki saba zinatosha kabisa.

Hazikutosha. Leseni ilitoka katikati ya Mei, nafasi ile ikiwa imeshachukuliwa na mtu mwingine, na yeye akalazimika kungoja mkataba wa pili. Mtu huyu tumemjenga kwa mfano, kwa kuyaweka pamoja makwazo yanayowapata wengi. Sheria na taasisi tunazozitaja ni halisi.

Fomu ya maombi aliimaliza jioni moja. Yaliyokula wiki ni yale ambayo hakuweza kuyafanya mwenyewe: nyaraka zinazotakiwa kutoka ofisi moja ziende ofisi nyingine bila kupitia kwake. Kila anayesafiri na kazi hii anapaswa kuanza na hizo, siku ileile anapoanza kufikiria jimbo jipya, hata kabla ya kuijaza fomu yenyewe.

Leseni inafuata alipo mgonjwa

Marekani haina leseni ya taifa ya tiba kwa vitendo. Kilicho cha taifa ni mtihani wa NBCOT, bodi ya taifa inayotoa vyeti vya taaluma hii. Ukifaulu unapata haki ya kujiita OTR, yaani mtaalamu wa tiba kwa vitendo aliyesajiliwa. Baada ya hapo kila jimbo lina sheria yake, bodi yake, ada zake na tarehe zake. Jimbo linalohusika ni lile alipo mgonjwa wakati wa tiba. Ukiwa umekaa Columbus, Ohio, unamhudumia kwa video mgonjwa aliyeko Sacramento, unafanya kazi California.

Swali la kwanza katika kisa hiki lilikuwa kama angeweza kutumia makubaliano ya majimbo yanayoitwa OT Compact. Chini ya makubaliano hayo, mwenye leseni safi katika jimbo la makazi yake anaomba ruhusa ya kufanya kazi katika jimbo jingine mwanachama bila kuanza maombi upya. Ohio imejiunga. California haijajiunga, kwa hiyo njia hiyo ilifungwa pale pale. Hata kwa majimbo yaliyojiunga, jimbo kupitisha sheria ni jambo moja na kuanza kutoa ruhusa ni jambo jingine. Angalia hali ya jimbo lako na ya lile unalokwenda kwenye tovuti ya OT Compact yenyewe, wala usitegemee ramani iliyochorwa na wakala. Na kumbuka kwamba ruhusa hiyo inasimama juu ya leseni ya nyumbani. Leseni ya nyumbani ikilala, ruhusa inalala nayo, na ukihamisha makazi yako ya kudumu lazima ubadilishe jimbo la msingi.

Swali la pili: je, California ina leseni ya muda ya kumshikilia msafiri wakati anasubiri? Kibali chenye mipaka kinachotolewa huko ni cha wahitimu ambao bado wanaukabili mtihani. Mtu mwenye leseni ya jimbo jingine anaomba leseni kamili.

Uthibitisho wa Texas

Maombi ya California hufanyika kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao BreEZe. Fomu inauliza leseni zote ulizowahi kuwa nazo, na mtaalamu wetu akaandika ya Ohio peke yake. Alijiona mkweli, maana ya Texas ilikuwa imekwisha. Lakini neno linalotumika pale ni "kuwahi kuwa na". Iliyoisha muda inaingia, iliyowekwa kando inaingia, hata ile uliyoipata ukaacha bila kuitumia siku moja inaingia.

Bodi ikaiona Texas kwenye wasifu wa kazi na kuuliza. Kosa la aina hii lina gharama mbili. Ya kwanza ni muda, kwa sababu sasa faili linasubiri uthibitisho wa Texas ambao haukuombwa tangu mwanzo. Ya pili ni kwamba umetoa jibu pungufu kwenye fomu uliyoisaini kwa kiapo, na bodi inaweza kukutaka ueleze kwa maandishi.

Uthibitisho wa leseni ni taarifa ya bodi kwa bodi: namba ya leseni, tarehe ilipotolewa, tarehe ilipoisha, na kama kumewahi kuwa na hatua za kinidhamu. Bodi nyingine huridhika kumwona mtu kwenye rejista ya mtandaoni ya jimbo lile. Nyingine zinataka waraka utumwe na bodi iliyoutoa. Ukipakua mwenyewe na kuutuma wewe, mara nyingi haukubaliki. Soma maelekezo ya jimbo unaloomba, kisha agiza uthibitisho wa majimbo yote siku moja.

Hapa ndipo gharama ya kazi ya kusafiri inapojificha. Kila jimbo unaloongeza linakufuata katika kila ombi litakalokuja. Mwenye leseni za majimbo nane ataagiza uthibitisho nane anapoomba la tisa, na faili lake litakwenda kwa mwendo wa ofisi iliyo ya polepole kuliko zote. Ndiyo maana hatuwashauri watu kukusanya leseni "kwa tahadhari". Omba jimbo ambalo una nia ya kweli ya kufanya kazi, na uwe na daftari moja lenye namba, tarehe ya kutolewa, tarehe ya kuisha na jina kamili kama lilivyoandikwa kwenye kila leseni.

Jina

Hili linawasumbua watu wa Afrika Mashariki kuliko Wamarekani wengi. Kwetu mtu ana jina lake, la baba na la babu. Fomu ya Marekani inataka la kwanza, la kati na la ukoo. Mtaalamu huyu alikuwa na majina matatu kwenye pasipoti. Chuo kikaandika la babu kama la ukoo, na NBCOT ikafuata chuo. Ohio ikaandika mawili tu. Baada ya kuolewa alibadilisha kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii) na leseni ya udereva, lakini NBCOT hakuigusa.

Uthibitisho wa NBCOT ulipofika California, hakukuwa na faili lenye jina hilo. Haukupotea, ulikaa tu kwenye kundi la nyaraka zisizo na mwenyewe. Kwenye BreEZe yeye aliendelea kusoma kwamba haujapokelewa, akaagiza mwingine, akalipa tena, nao ukaingia shimo lilelile.

Dawa ni kusahihisha kutoka chini kwenda juu. Anza na hati ya utambulisho wa serikali na Social Security, kisha NBCOT, kisha jimbo la nyumbani, ndipo uombe jimbo jipya. Kila ofisi itataka cheti cha ndoa au amri ya mahakama. Kama huna muda wa kusahihisha yote, jaza sehemu ya majina ya zamani kwenye fomu kwa ukamilifu, kila mpangilio uliowahi kutumika, na unapoagiza uthibitisho taja jina ulilotumia kwenye ombi la California. Karani akiuona mpangilio ule kwenye faili, atauunganisha.

Alama za vidole

Mtaalamu alidhani alama zake zimeshamalizika, kwa sababu alizitoa Ohio alipopata leseni na akazitoa tena hospitalini alipoajiriwa. Majibu ya uchunguzi wa aina hii hupelekwa kwa ofisi iliyouomba tu. Bodi ya California haiwezi kusoma majibu yaliyokwenda Ohio, kwa hiyo unaanza upya.

Ukiwa ndani ya California unatumia Live Scan. Unachukua fomu ya bodi yenyewe, yenye msimbo wa bodi hiyo, unakwenda kwenye kituo, mashine inasoma vidole na kuzituma moja kwa moja Idara ya Sheria ya jimbo. Ukitumia fomu ya ofisi nyingine, hata kama vidole ni vyako, majibu yatakwenda huko kwingine. Ukiwa nje ya California huwezi kutumia Live Scan; unachukuliwa alama kwenye kadi za karatasi na kuzituma kwa posta. Njia ya kadi ni ya polepole, na ikikataliwa unarudi mwanzo.

Yake ilikataliwa. Ukiitazama kadi ile, dole gumba la kulia lilikuwa doa moja jeusi lisilo na mistari, na vidole vya pembeni vimefifia kama vimefutwa. Hili huwapata sana watu wa kazi hii: kunawa mikono siku nzima, vitakasa mikono vyenye spiriti, maji ya moto ya kulainishia plastiki ya magango, vile vifaa vya kushikilia kiungo. Mistari ya ngozi inalika. Siku saba hadi kumi kabla ya miadi, paka mafuta mazito au losheni kila usiku, na asubuhi ya siku yenyewe nawa na ukaushe bila kupaka chochote, kwa sababu mafuta huufanya wino uteleze. Tafuta mtu anayechukua alama kila siku, si ofisi inayofanya mara moja kwa mwezi. Omba kadi mbili zijazwe siku hiyohiyo. Zitume kwa bahasha ngumu bila kuzikunja, na uhifadhi namba ya kufuatilia.

Kadi ikikataliwa mara mbili kwa ubora hafifu, upo utaratibu wa kuomba FBI wachunguze kwa jina. Bodi ndiyo inayouanzisha, basi uliza mara moja unapopata kukataliwa kwa pili. Na kama ratiba inabana, tiketi ya ndege ya kwenda California kwa siku moja kufanya Live Scan inaweza kuwa nafuu kuliko mkataba uliopotea. Mtaalamu wetu alifanya hivyo mwishoni, na hicho ndicho kilichofungua faili lake. Angeweza kukifanya Februari.

Kituo kinapotaka uanze "kidogo"

Machi ilipofika, kituo kilipendekeza aje aanze na utambulisho wa kazi, kisha asaidie tathmini chache "chini ya" mtaalamu mwingine hadi leseni itoke. Jibu ni hapana, na afisa wa wakala alipaswa kulitoa kabla yake. Kusoma sera za kituo, kufanya mafunzo ya kompyuta, kupima kifua kikuu na kukamilisha nyaraka za ajira ni sawa. Kumgusa mgonjwa, kuandika tathmini au kuweka mpango wa tiba si sawa. Ombi lililopokelewa si leseni. Barua pepe ya karani isemayo "kila kitu kiko sawa" si leseni. Leseni ni namba inayoonekana kwenye rejista ya umma ikiwa hai. Siku inapoonekana, hifadhi nakala ya ukurasa ule yenye tarehe kisha uanze.

Kufanya tiba bila leseni ni kosa kwa sheria ya jimbo, na alama yake itasomwa na kila bodi utakayoiomba maishani. Pia huduma iliyotolewa na asiye na leseni haitozwi Medicare, bima ya afya ya serikali kuu hasa kwa wazee. Kituo kikiitoza, kitatakiwa kurudisha fedha, na jina lako ndilo lililo kwenye kumbukumbu. Namba ya NPI, yaani namba ya taifa ya mtoa huduma za afya, haibadiliki kwa jimbo, kwa hiyo isikudanganye: ni ya malipo, haikupi ruhusa ya kutibu. Unachotakiwa ni kuingiza mabadiliko kwenye taarifa zake ndani ya siku 30.

Leseni hai haimaanishi kila tiba

Kwenye mkataba wa pili, ambao hatimaye alianza, maelezo ya kazi yalitaja tathmini ya kumeza na matumizi ya ultrasound na mkondo wa umeme. Alikuwa na ujuzi huo wote kabla ya kuja. California, tofauti na majimbo mengi, inahesabu maeneo matatu kama utendaji wa juu unaohitaji idhini ya pekee ya bodi juu ya leseni: tiba ya mkono, matumizi ya nguvu za kifizikia kama joto, umeme na mawimbi ya sauti, na tathmini ya kumeza pamoja na tiba zake. Idhini inaombwa kwa kuonyesha saa za masomo na saa za mazoezi yaliyosimamiwa, na ina foleni yake.

Hapa hakufanya kosa. Aliyasoma maelezo ya kazi kabla ya kusaini na kumwandikia afisa wa wakala kwamba kazi hizo tatu ziondolewe kwenye mkataba wake au zifanywe na mwenye idhini. Kumeza kulibaki kwa mtaalamu wa tiba ya usemi. Tunapenda kila msafiri afanye hivyo hivyo: soma sehemu ya mipaka ya kazi katika sheria ya jimbo jipya, pamoja na kanuni za kusimamia wasaidizi wa tiba, kwa sababu idadi ya wasaidizi na mara ngapi uwaone hutofautiana sana. Kituo hudhani unajua.

Kuhuisha: tarehe tatu kwa mtu mmoja

Ndani ya miezi hiyo hiyo alikuwa na tarehe tatu za mwisho za kufuatilia. Cheti cha NBCOT huhuishwa kila miaka 3, mwisho wake ni 31 Machi, na kinadai vipimo 36 vya maendeleo ya kitaaluma, yaani alama za kozi na kazi za kujiendeleza. Leseni ya Ohio huisha 30 Juni ya mwaka wake, na kwa kila miaka 2 inadai saa 20 zikiwemo 1 ya maadili. California inadai vipimo 24 kwa miaka 2, na tarehe ya kuisha hufuata mwezi wako wa kuzaliwa. Kwa hiyo leseni yako ya kwanza huko inaweza kuisha mapema kuliko unavyodhani. Usihesabu miaka miwili kutoka siku ulipoipata. Soma tarehe iliyoandikwa.

Cheti cha NBCOT baadhi ya watu hukiacha kilale kwa sababu jimbo lao halikidai wakati wa kuhuisha. Msafiri asikiache. Jimbo lijalo linaweza kukidai, na kikiisha huruhusiwi kuandika OTR baada ya jina lako.

Kozi moja inaweza kuhesabika NBCOT, Ohio na California kwa pamoja, mradi tarehe uliyoimaliza imo ndani ya kipindi cha kila mmoja na mtoaji wake anakubalika kote. Haihesabiki mara mbili katika vipindi viwili vya jimbo lilelile. Tunashauri upange kwa jimbo gumu zaidi, kisha uongeze masharti ya pekee. Ukiwa na leseni hai Texas, kwa mfano, unahitaji mafunzo ya kuzuia biashara haramu ya binadamu. Washington ina mafunzo ya saa 3 ya kutambua hatari ya kujiua. Florida inataka saa za makosa ya kitabibu pamoja na saa za sheria na kanuni. Saa 24 za magango hazikuokoi kama ile saa 1 ya maadili haipo.

Soma vyeti vyenyewe pia. Vingine vimeandikwa kwa CEU, kipimo cha elimu endelevu, na CEU 1 ni saa 10. Cheti cha 0.6 ni saa 6, lakini kuna wanaoisoma kama chini ya saa moja na kununua kozi wasizohitaji, na wapo wanaofanya kinyume chake. Kila cheti kiwe na jina lako kamili, tarehe, idadi ya saa na mtoaji. Bodi nyingi hazikuombi vyeti unapohuisha. Zinakutaka utamke kwamba umetimiza, kisha zinachagua wa kuwakagua. Ukaguzi huja kwa barua, na barua huenda kwenye anwani iliyoko kwenye faili.

Anwani ndiyo iliyokaribia kumponza. Akiwa kwenye mkataba wa pili California, tarehe 30 Juni ilimkuta huko na barua za Ohio zikiingia nyumba isiyo na mtu. Alihuisha kwa wakati kupitia mfumo wa mtandaoni wa Ohio kwa sababu alikuwa ameweka kumbusho lake mwenyewe siku 90 kabla. Kwa msafiri, barua pepe ya kudumu isiyo ya mwajiri na sanduku la posta linalosimamiwa na mtu unayemwamini ni sehemu ya vifaa vya kazi. Bodi zinataka kuarifiwa anwani inapobadilika ndani ya muda mfupi. Tena, anwani ya kumbukumbu kwa kawaida huonekana hadharani, basi weka ya sanduku pale sheria inapokuruhusu.

Kwa waliosomea Afrika Mashariki

Kisa hiki kingekuwa kirefu zaidi kama angekuwa amesomea Tanzania au Kenya. Aliyesomea nje ya Marekani hupimwa kwanza na NBCOT kama elimu yake inalingana na kiwango cha kuingilia taaluma huko, ambacho kwa mtaalamu kamili ni cha uzamili. Stashahada peke yake haifiki. Baada ya hapo unakuja mtihani, na kwa anayeomba viza ya kazi, cheti cha uhakiki wa sifa ambacho pia hutolewa na NBCOT. Na mwenye viza ya H-1B, ile ya kazi za kitaalamu, aelewe kwamba kuhamia kituo cha eneo jingine kwa kawaida kunamlazimu mwajiri kufungua marekebisho ya ombi la viza kabla ya kuhama. Mikataba ya wiki 13 inakaa vibaya sana na sharti hilo. Ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya wakala.

Alichobaki nacho

Mkataba ulipokwisha alikuwa na maamuzi mawili. Ohio ibaki hai bila mjadala, kwa kuwa ndiyo makazi yake na ndiyo inayombeba kwenye OT Compact. California, aliamua kuihuisha mara moja zaidi kwa sababu kituo kilimtaka arudi. Kama asingekuwa na mpango wa kurudi, angeiweka katika hali ya kutotumika au kuiacha iishe, na kuiacha iishe si kosa. Lakini kwenye fomu zijazo atofautishe vizuri: leseni iliyoisha muda si leseni iliyosalimishwa, na kusalimisha wakati uchunguzi unaendelea huhesabiwa kama nidhamu. Texas, iliyokwisha zaidi ya mwaka, haihuishwi kwa kulipa ada tu. Angetaka kurudi huko, ingembidi aombe kurejeshewa kwa masharti yake.

Ada za leseni ya California wakala alizirudisha kwa sababu kifungu cha kurudishiwa ada kilikuwa kwenye mkataba na risiti alikuwa nazo. Tiketi ya ndege ya Live Scan na uthibitisho wa NBCOT aliolipia mara mbili havikurudishwa, maana havikutajwa. Kwa mkataba unaofuata aliomba kifungu kiandikwe "ada zote zinazohusiana na leseni, zikiwemo uthibitisho na alama za vidole", pamoja na mstari unaosema hadaiwi chochote kama kituo ndicho kitakachovunja mkataba, na afisa akaukubali bila kubishana.